Kutoka Maskati hadi Unguja ni Mbali Kiasi Gani?

Tarehe 19 Oktoba 1856, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifariki ndani ya meli yake, Victoria, karibu na visiwa vya Ushelisheli. Alikuwa ametweka tanga Maskati mwezi wa Septemba, akirudi Unguja.

Vitabu vya historia huitaja habari hiyo kwa sentensi moja, kisha vikaingia kwenye ugomvi wa wanawe. Mimi hunisimamisha kila nikiisoma, kwa sababu ya ramani. Maskati iko juu, mkono wa kulia. Unguja iko chini, mkono wa kushoto. Ushelisheli nayo iko chini kulia, kama kilomita 1,800 mashariki ya Unguja. Ni sawa na mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Tanga akaonekana Dodoma. Nahodha wa mtawala si mtu wa kupotea, na bahari ile Waomani walikuwa wameivuka kwa karne nyingi. Basi meli ilikuwa ikitafuta nini kule?

Jibu lipo, ila haliji kwa mkupuo. Inabidi kwanza tujibu swali ambalo mtoto wa shule ya msingi angeliona jepesi: kutoka Maskati hadi Unguja ni mbali kiasi gani?

Mzee wa pwani wa enzi za majahazi angekujibu kwa siku. Mwendo wa mwezi, angesema, Mungu akipenda na kaskazi ikiwa njema. Shuleni tulifundishwa kulicheka jibu la namna hiyo. Mwalimu alitaka kilomita. Nadhani wazee walionewa. Mwalimu na mzee walikuwa wanajibu maswali mawili, na swali la mzee ndilo gumu zaidi. Lakini tuanze na la mwalimu.

Hakuna aliyewahi kufunga kamba Forodhani akaivuta hadi Maskati. Kilomita tunazozisoma zilipatikana kwa hesabu, na hesabu hiyo inataka vitu viwili tu: ukubwa wa dunia, na mahali ulipo kila mmoja wa miji hiyo miwili juu ya mgongo wake.

Ukubwa ulijulikana zamani sana. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo, Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Aleksandria huko Misri, alikuwa na habari kwamba katika mji wa Syene, ambao leo ni Aswan, iko siku moja ya mwaka ambapo jua la mchana hufika utosini kabisa likamulika hadi chini ya kisima. Siku hiyohiyo, Aleksandria, kijiti kilichosimama wima kilitoa kivuli: mwale wa jua ulikuwa umeinama digrii 7.2 hivi. Mduara mzima una digrii 360. Gawanya 360 kwa 7.2, unapata 50. Kwa hiyo kutoka Aswan hadi Aleksandria ni sehemu moja ya hamsini ya mzingo wa dunia. Ukiujua umbali huo wa nchi kavu, zidisha kwa 50 na kazi imekwisha. Kijiti, kivuli na jedwali la kuzidisha.

Leo tunajua kwamba mzingo huo ni kilomita 40,000 hivi. Nambari hiyo imekaa vizuri mno hata inatia shaka, na mwenye shaka hajakosea. Wafaransa walipobuni mita katika miaka ya 1790, waliamua kwamba iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali wa kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Robo ya dunia ikawa kilomita 10,000 kwa kuamuliwa, na dunia nzima 40,000. Gawanya kwa 360: kila digrii ni kilomita 111. Ishike nambari hiyo, tutaitumia sana. Mabaharia wana kipimo chao. Wameikata digrii vipande 60, na kila kipande wakakiita maili moja ya baharini, mita 1,852. Chombo kinachokata maili moja ya baharini kwa saa kina mwendo wa noti moja.

Sasa mahali pa miji. Tuanze na kaskazini na kusini, maana ndiko rahisi. Simama Maskati usiku usio na mawingu utafute Nyota ya Kaskazini. Nyota hii iko karibu kabisa juu ya Ncha ya Kaskazini, kwa hiyo nyota nyingine zote zikizunguka, yenyewe imetulia. Mtu aliyesimama nchani huiona utosini, digrii 90 kutoka upeo wa macho. Mtu aliyesimama ikweta huiona imelala upeoni, digrii sifuri. Kati ya hapo na pale, kila ukisogea kusini digrii moja, yaani kilomita 111, nyota nayo hushuka digrii moja. Maskati kimo chake ni digrii 23.6 hivi. Basi Maskati iko digrii 23.6 kaskazini ya ikweta, na hukuwa na haja ya kumuuliza mtu.

Manahodha wa Bahari ya Hindi walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya shule zetu. Walikuwa na kifaa kiitwacho kamal: kibao kidogo kilichotobolewa katikati na kupitishwa uzi wenye mafundo. Nahodha alikinyoosha kibao mbele ya jicho mpaka ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota. Fundo alilolishika kwa meno ndilo lililomwambia kimo. Kimo chenyewe walikihesabu kwa vidole, na Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika karne ya 15, ameacha maandishi marefu juu ya elimu hiyo. Hakuna sababu ya kuwaita watu hawa wabahatishaji.

Ukisafiri kutoka Maskati kuja Unguja utaiona nyota hiyo ikididimia usiku hadi usiku, na ukishavuka ikweta inazama baharini. Ukiwa Unguja huioni tena. Huku tunapima kwa nyota nyingine au kwa jua, na jibu ni digrii 6.2 kusini ya ikweta. Jumlisha 23.6 na 6.2, unapata 29.8. Zidisha kwa 111. Maskati iko kaskazini zaidi ya Unguja kwa kilomita 3,308.

Mashariki na magharibi kuna kazi. Dunia inazunguka kuelekea huko, na hakuna nyota inayotulia upande huo ikungoje uipime. Jambo hili liliwatesa mabaharia mpaka karne ya 18, pale fundi saa Mwingereza, John Harrison, alipotengeneza saa isiyopotoka baharini. Wewe msomaji huhitaji saa ya Harrison. Unahitaji shangazi aliyeko Maskati, na familia nyingi za Unguja na Pemba hazikosi mmoja.

Kubalianeni siku. Kila mmoja achomeke kijiti wima uani kwake na akitazame kivuli chake. Kivuli hupungua asubuhi yote, kikafika ufupi wake wa mwisho, kisha kikaanza kurefuka. Pale kilipokuwa kifupi kabisa jua lilikuwa katikati ya safari yake, muda mfupi kabla ya adhana ya adhuhuri. Shangazi akikiona kimefika hapo akutumie ujumbe palepale. Wewe anza kusubiri. Utasubiri saa moja na dakika kama 18 mpaka kivuli chako nacho kifike.

Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24. Hizo ni digrii 15 kwa saa, au digrii moja kwa kila dakika nne. Umesubiri dakika 78. Gawanya kwa nne, unapata digrii 19 na nusu. Wenye vyombo makini wanasema 19.4. Wewe na shangazi yako, kwa vijiti viwili na simu, mmefika palepale.

Ila usije ukatumia saa za ukutani. Saa ya Maskati iko mbele ya saa ya Unguja kwa saa moja kamili, na dakika 60 zingekupa digrii 15 tu. Ungekosea kwa kilomita zinazokaribia 500. Saa za ukutani hupangwa na serikali, na serikali hupenda nambari kamili. Kivuli hakina serikali.

Tuzigeuze digrii hizi za mashariki ziwe kilomita. Hapa tahadhari moja inatakiwa. Mistari ya longitudo imeachana sana ikweta, kisha hukaribiana kadiri unavyokwenda kaskazini mpaka ikakutana nchani, kama vipande vya chungwa. Digrii moja ambayo Unguja ni kilomita 110 na ushei, Maskati imepungua ikawa 102. Katikati ya njia ni kama 110. Kwa hiyo 19.4 mara 110 ni kilomita 2,134.

Tayari tuna pembetatu: upande mmoja kilomita 3,308, wa pili 2,134, na pembe mraba kati yao. Tunataka ule upande mrefu wa tatu, na mwanafunzi yeyote wa sekondari aliyefundishwa kanuni ya Pythagoras ataupata kwa dakika tano: kilomita 3,937. Hesabu kamili ya tufe inatoa kama 3,920. Tumekosa kwa kilomita 17 katika karibu elfu nne, na kosa lenyewe linatokana na kuifanya dunia karatasi bapa. Nimeona mafundi ujenzi wenye makosa makubwa kuliko hayo katika chumba kimoja.

Basi mwalimu amepata jibu lake: kilomita 3,920. Lakini hata hapo tuulize, kilomita za wapi? Hizo zinafuata mgongo wa dunia. Mstari ulionyooka kwelikweli ungepita ndani ya ardhi, nao ni kilomita kama 3,860. Ungeokoa kilomita 60 kwa kuchimba handaki ambalo katikati yake lingekuwa kilomita 300 chini ya miguu yetu. Shimo lenye kina kikubwa kuliko yote yaliyowahi kuchimbwa, lile la Kola huko Urusi, limefika kilomita 12 na kitu.

Hata hivyo handaki hilo la kufikirika lina jambo la ajabu, na sitalipita hivihivi. Tuchukulie kwamba dunia imeshindiliwa sawasawa kutoka juu hadi kiini, na kwamba ndani ya handaki hakuna hewa wala msuguano. Liachie behewa upande wa Maskati. Litateremka lenyewe kwa uzito wake, likazidi kasi hadi katikati, kisha likapanda huku likipunguza, likasimama taratibu mlangoni Unguja bila tone la mafuta. Muda: dakika 42. Sasa chimba handaki fupi zaidi, kutoka Maskati hadi Salalah, hukohuko Oman. Muda: dakika 42. Kutoka Maskati hadi New York: dakika 42. Handaki fupi lina mteremko mdogo, kwa hiyo behewa linakwenda polepole. Handaki refu lina mteremko mkali, kwa hiyo linakimbia. Urefu na kasi vinafutana kabisa. Hapo umbali na muda vimeshaachana, na hatujagusa bahari bado.

Turudi juu. Mstari mfupi wa juu ya dunia ukitoka Unguja unakwenda juu ya maji sambamba na pwani ya Kenya, unaingia nchi kavu ya Somalia kati ya Kismayu na Barawa, unakata Somalia urefu wake wote, unatokea kwenye Ghuba ya Aden, unavuka tena maji, unaingia Oman karibu na Salalah na kupita jangwani hadi Maskati. Ndege inaweza kuufuata. Jahazi haliwezi, maana jahazi halina miguu. Litaizunguka Somalia kupitia Ras Hafun na kuizunguka Oman kupitia Ras al-Hadd, na hesabu yake itafika maili za baharini kama 2,200, yaani kilomita 4,100 hivi. Imezidi kwa kilomita 180 tu. Ndiyo maana nasema kilomita hazielezi kitu kikubwa kuhusu safari hii. Tofauti ya njia ya ndege na njia ya jahazi ni ndogo. Tofauti ya muda ni ya saa na mwezi.

Muda ni umbali kugawanya kwa mwendo. Kanuni hiyo kila mtu anayo, na kila mtu huitumia vibaya mahali palepale: kwenye wastani. Tuseme jahazi linakata noti 8 upepo ukiwa mzuri, na noti 2 upepo ukilegea. Nusu ya kwanza ya njia lipate noti 8 na nusu ya pili noti 2. Wastani wake ni ngapi? Wengi watajumlisha 8 na 2, wagawanye kwa mbili, waseme noti 5. Basi maili 2,200 zitakwisha kwa saa 440, siku 18 na ushei. Waandae biryani ya kupokea wageni.

Biryani itachacha. Hesabu kila nusu peke yake. Maili 1,100 kwa noti 8 ni saa 137 na nusu. Maili 1,100 kwa noti 2 ni saa 550. Jumla ni saa 687 na nusu, karibu siku 29. Wastani wa kweli ni noti 3.2. Sababu yake ni kwamba chombo kinakaa ndani ya mwendo wa polepole kwa muda mrefu mara nne zaidi, na wastani hupimwa kwa muda uliokaa, haupimwi kwa nambari zilizotajwa. Madereva wa mabasi ya mikoani wanalijua hili kwa mwili: foleni ya saa mbili ya kutoka mjini hailipwi kwa kukimbia Chalinze. Na wanaojaribu kuilipa hutuua.

Ndege inafuata sheria hiyohiyo. Kwa kilomita 850 kwa saa, kilomita 3,920 ni saa 4 na dakika 37. Tiketi inasema saa tano na zaidi, kwa sababu ndege haizaliwi angani ikiwa na kasi yake. Inatembea uwanjani, inapanda, inateremka, inafuata njia ilizopangiwa. Ongeza saa za kukaa uwanjani kabla ya kuondoka na za kungoja mizigo baada ya kufika, nayo safari imekula siku. Kusubiri ni sehemu ya safari. Katika enzi za majahazi kusubiri ndiko kulikokuwa sehemu kubwa kuliko zote: chombo kilichofika Unguja kwa kaskazi kilikaa bandarini mpaka kusi ianze ndipo kirudi. Ukihesabu kwenda na kurudi, siku za kutulia nangani hazikuwa chache kuliko siku za kusafiri.

Na hapa tunaingia swali la mzee. Kwa nini usubiri? Kwa sababu upepo wa bahari hii unageuka. Ardhi hupata joto upesi kuliko maji na hupoa upesi kuliko maji. Yeyote aliyetembea ufukweni peku saa nane mchana anajua. Majira ya baridi ya Asia, bara lile kubwa hupoa, hewa juu yake ikawa nzito, ikatiririka kuelekea baharini na kutufikia sisi ikitoka kaskazini-mashariki. Hiyo ndiyo kaskazi, Disemba hadi Machi. Majira ya joto bara linaungua, hewa yake inapanda juu, na hewa ya baharini inavutwa kuziba nafasi. Hiyo ndiyo kusi, Aprili hadi Septemba. Manahodha waliokwenda Arabuni waliondoka kusi ikianza, au walingoja demani, mkia wa kusi. Katikati, Juni na Julai, bahari ya Arabuni huchafuka kiasi cha kufunga bandari.

Mtu asiyesubiri anafanywa nini? Chombo cha tanga hakiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Kinakwenda bisho: mshazari kulia, kisha mshazari kushoto, kisha kulia tena. Kikiweza kuukaribia upepo kwa digrii 60 tu, kila maili mbili kinazokata majini hukisogeza maili moja kule kinakokwenda. Maili 2,200 zimekuwa 4,400. Sasa ongeza mkondo. Kando ya Somalia bahari yenyewe hutiririka, na mkondo huo hugeuka na msimu: wakati wa kaskazi huja kusini, wakati wa kusi hukimbia kaskazini, nao hupita noti 3 kwa urahisi. Jahazi linalokata noti 4 kwa bisho linasogea noti 2. Mkondo unalirudisha noti 3. Linarudi nyuma maili moja kila saa huku tanga limejaa upepo na povu linaruka omoni. Kwa chombo hicho, kati ya Maskati na Unguja hakuna kilomita 4,100. Hakuna nambari kabisa.

Vasco da Gama alilipia somo hili. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akiwa na mwongozaji aliyepewa palepale Malindi, na wiki nne hazikutimia akawa yuko pwani ya India. Kurudi hakungoja kaskazi ikomae. Aliitoka India mwanzoni mwa Oktoba, na alipoiona pwani ya Afrika ilikuwa tarehe 2 Januari 1499. Bahari ileile, karibu miezi mitatu. Kiseyeye kiliua mabaharia wengi kiasi kwamba waliobaki hawakutosha kuendesha meli zao zote, wakaichoma moto mojawapo, São Rafael.

Kimebaki kitu kimoja kabla ya kurudi kwa Victoria. Nimesema kusi inavutwa kutoka baharini kwenda Asia, lakini haiendi moja kwa moja. Mzingo wa kilomita 40,000 unazunguka mara moja kwa saa 24. Mtu aliyesimama ikweta, hata akiwa amelala kitandani, anabebwa kuelekea mashariki kwa kilomita 1,667 kwa saa. Maskati mduara wa kuzungukia ni mdogo zaidi, kwa hiyo mtu wa huko anabebwa kwa kilomita 1,527 tu. Hewa inayotoka kusini ya mbali kuja ikweta inatoka penye mwendo mdogo ikaingia penye mwendo mkubwa. Inaachwa nyuma, inapinda kuelekea magharibi. Ndiyo maana kusini ya ikweta upepo huu huja kutoka kusini-mashariki. Ikishavuka ikweta kwenda kaskazini, mambo yanageuka. Sasa inatoka penye kasi ikaingia penye polepole, inatangulia mbele, inapinda mashariki. Kaskazini ya ikweta upepo uleule, siku ileile, huja kutoka kusini-magharibi.

Basi kaa wewe mahali pa nahodha. Ni Septemba, uko Maskati, umebeba mtawala, na kusi bado inavuma. Unguja iko kusini-magharibi, kulekule upepo unakotoka. Njia fupi ya kando ya Somalia ina upepo usoni na mkondo kifuani. Tumeshaona hesabu yake. Meli kubwa ya matanga inaweza kuupokea upepo ubavuni, kwa hiyo unaelekeza omo kusini na mashariki kidogo, ukiiacha Afrika izidi kuwa mbali mkono wa kulia. Kila siku Unguja ya ramani inabaki upande usiokwenda. Unashuka, unashuka, unavuka ikweta. Hapo upepo unageuka kama tulivyoona: sasa unatoka kusini-mashariki. Unageuza omo magharibi, na kwa mara ya kwanza tangu Maskati upepo uko nyuma yako na Unguja iko mbele yako.

Tazama ramani uone ni visiwa gani viko hapo pa kugeukia. Ukipima Maskati hadi Ushelisheli, kisha Ushelisheli hadi Unguja, utapata kilomita zinazokaribia 5,000, karibu 900 zaidi ya njia ya kando ya pwani. Kwa mwezi wa Septemba hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya mkato.

Kiasi cha wiki moja baada ya msiba, Victoria ilitia nanga Unguja. Kilomita 1,800 kwa siku saba ni karibu noti 6, usiku na mchana.